Mbegu ya mwani wa kulishia mifugo Kigoma: itoke wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfugaji wa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Nina ng'ombe wawili chotara wa maziwa, mbuzi sita na kuku thelathini wa mayai. Kila kiangazi maziwa yanashuka, na bei ya chakula cha kuku inanishinda. Nimesikia kwamba mwani ni lishe nzuri, hauhitaji shamba wala mbolea, na huko Australia wanawapa ng'ombe. Sisi tuna ziwa, na nina kipande cha ardhi karibu na maji. Wazee wanasema Tanganyika ilikuwa bahari, hata yavuyavu wamo. Naomba kujua mbegu ya mwani nitaitoa wapi, Unguja au Tanga, na nitaisafirishaje. Na kama haifai, kuna jani gani jingine la majini? Nimetenga shilingi laki tatu.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kama tiketi ya kwenda Tanga hujakata, usikate. Mwani wa kulimwa hauwezi kuishi katika Ziwa Tanganyika, na hakuna namna ya kuuzoesha. Lakini swali lako lina mambo matatu mazuri ndani yake, na kila moja nitalijibu kwa urefu linaostahili.

Mwani unaolimwa Unguja, Pemba, Tanga, Bagamoyo na Mtwara ni wa aina mbili hasa, spinosamu na kotonii. Kilimo chake cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu iliyoletwa kutoka Ufilipino, baada ya miaka mingi ya utafiti wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mbegu yenyewe ni kipande kibichi cha mwani. Mkulima, na mara nyingi ni mama, hukifunga kwenye kamba iliyovutwa baina ya vigingi, bahari ikakipa chakula na mwanga, na baada ya wiki sita hivi anavuna na kubakiza vipande vya kupanda tena. Ndiyo maana umesikia kwamba hauhitaji shamba wala mbolea. Bahari ndiyo shamba, na maji yanayopanda na kushuka kila siku ndiyo mbolea.

Lita moja ya maji ya Bahari ya Hindi ina chumvi gramu 35 hivi. Lita moja ya maji ya Tanganyika haifikishi hata gramu moja. Mwili wa mwani umejengwa kuishi ndani ya chumvi ile. Ukiutia ziwani, maji yanaingia kwenye chembe zake kwa nguvu, zinavimba na kupasuka, rangi inavuja, na baada ya siku chache kamba zako zitakuwa na utelezi unaonuka. Hata kotonii inayolimwa baharini kwenyewe imekufa sehemu nyingi za Zanzibar kwa sababu maji ya kina kifupi yamezidi kupata joto. Mmea unaosumbuliwa na mabadiliko madogo nyumbani kwake hautavumilia ziwa letu.

Wazee wako nawaheshimu, na jambo walilolisema limewahi kuwasumbua wasomi wakubwa. Ni kweli yavuyavu wamo ziwani, wadogo, wenye upana wa sentimita mbili hivi, na kuna konokono wenye magamba mazito yanayofanana na ya baharini. Mwishoni mwa karne ya 19 mtafiti Mwingereza J. E. S. Moore alifunga safari kuja huku, mwaka 1896 na tena 1899, akitafuta kujua kama ziwa hili ni mabaki ya bahari. Leo inajulikana kwamba si hivyo. Tanganyika ni ufa wa ardhi uliojaa maji ya mito na mvua mamilioni ya miaka iliyopita, ukafikia kina cha zaidi ya mita 1,400, na viumbe wake wamebadilika humohumo ndani wakafanana na wa baharini. Yavuyavu wa Kigoma ni wa maji baridi. Ukoga wa kijani unaouona kwenye mawe ya ufukweni nao ni wa maji baridi, na ni malisho ya samaki wadogo wanaoishi kwenye mawe hayo. Usiukwangue kulishia mbuzi. Utapata kiganja kimoja kwa kazi ya asubuhi nzima, na baadhi ya ukoga wa namna hiyo una sumu.

Usije ukaniuliza pia kuhusu tangi la maji ya chumvi. Kutengeneza lita 1,000 za maji ya bahari kunataka kilo 35 za chumvi, na chumvi ya mezani peke yake haitoshi, kwa kuwa mwani unahitaji pia magnesi, kalsi, potasi na madini mengine kwa vipimo vyake. Chumvi ya Uvinza ni nzuri, na ng'ombe wako wanaihitaji, lakini iweke kwenye kibao cha kulambia. Usiitie tangini.

Sasa Australia. Ulichosikia kina ukweli, ila kinahusu kitu kingine. Watafiti wa Australia waligundua kwamba mwani mwekundu uitwao asparagopsisi, ukiongezwa kidogo sana kwenye chakula cha ng'ombe, unapunguza gesi ya methani anayocheua. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Davis, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha upungufu wa zaidi ya asilimia 80 kwa ng'ombe wa nyama. Kinachofanya kazi hiyo ni kemikali inayoitwa bromofomu. Huo ni mchango mkubwa kwa hali ya hewa ya dunia, lakini haumshibishi ng'ombe. Kiasi kinachotiwa kwenye chakula hakifiki hata asilimia moja. Zaidi ya hapo, bromofomu huruka hewani, hivyo mwani huo hukaushwa kwa mitambo ya baridi kali, wala hauanikwi juani kama dagaa. Spinosamu ya Zanzibar si mwani huo, na haina nguvu hiyo. Mtu akikuuzia gunia la mwani mkavu akakwambia ndiyo dawa ya Australia ya kuongeza maziwa, achana naye.

Je, mwani mkavu kutoka pwani, ukiununua tu kama chakula? Hapo pia nakuzuia. Protini yake ni ndogo, kwa kawaida haifiki asilimia 10, na sehemu kubwa ya uzito wake ni chumvi na madini. Kwa mfugaji wa Makunduchi mwenye mabaki ya mwani uliokataliwa na mnunuzi, kumpa mbuzi kiganja kimoja ni jambo la busara. Kwako wewe, nauli ya kuuleta hadi Kigoma ingekununulia chakula chenye lishe mara nyingi zaidi.

Basi tuje kwenye swali ambalo nadhani ndilo la moyo wako: jani gani la majini linaweza kukuzwa Mwandiga. Yapo mawili yanayofaa, azola na lemna. Kabla sijakwambia mbegu inatoka wapi, naomba tupige hesabu, maana watu wengi huuza mbegu za azola bila kuwaonyesha wanunuzi hesabu hii.

Azola ni jani dogo linaloelea. Ndani yake huishi viumbe wadogo sana wanaovuta naitrojeni kutoka hewani, ndiyo maana lina protini nyingi bila kuwekewa mbolea ya naitrojeni. Likikaushwa, asilimia 20 hadi 25 ya uzito wake ni protini, na hiyo ndiyo namba utakayosomewa na kila muuzaji. Namba wasiyokusomea ni kwamba likiwa bichi, zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji.

Chukua bwawa la kawaida la wafugaji wadogo wa India, mita 2 kwa mita 2. Likitunzwa vizuri hutoa nusu kilo ya azola mbichi kwa siku. Toa maji, unabaki na gramu 30 za jani kavu. Robo yake ni protini, yaani gramu saba na nusu. Kuku mmoja wa mayai hula gramu 110 hadi 120 za chakula kwa siku, na anahitaji protini gramu 18 au zaidi. Kwa hiyo bwawa zima, kwa kazi yako ya siku nzima, halijamtosheleza kuku mmoja. Ng'ombe wako mwenye kilo 300 hula kilo nane hivi za chakula kikavu kwa siku. Ukitaka azola iwe sehemu ya kumi tu ya chakula chake, unahitaji kilo 13 za azola mbichi kila siku, yaani mabwawa 26 kwa ng'ombe mmoja. Una wawili.

Siandiki haya kukukatisha tamaa. Nimeona wafugaji wa huku wakichimba mabwawa kumi kwa mkopo wakiamini ng'ombe wataacha kudai pumba, kisha kiangazi kikawakuta na mabwawa makavu na deni. Azola ina kazi yake, na kazi hiyo ni mboga ya kuku na bata. Kuku akipata kiganja cha azola kila siku juu ya chakula chake cha kawaida, anapata vitamini, kiini cha yai kinakuwa cha njano nzuri, na chakula cha kununua kinapungua kidogo. Kwa kuku wako thelathini, mabwawa matatu au manne yanatosha kwa kazi hiyo. Ukilenga hapo, utafurahi.

Kuhusu mbegu, jambo la kwanza la kujua ni kwamba azola haina mbegu ya kupakiwa kwenye pakiti. Ni jamii ya kangaga, mimea isiyotoa maua, na wafugaji huizidisha kwa kuigawa ikiwa hai, kama wanavyofanya wakulima wa mwani na vipande vyao. Anayekutangazia "mbegu kavu za azola" kwa gramu anakuibia. Unachotafuta ni jani bichi, la kijani, lenye mizizi inayoning'inia, kilo moja tu. Likiwa katika hali nzuri huongezeka maradufu kwa wiki moja hivi. Kilo moja itakuwa mbili, kisha nne, kisha nane kabla mwezi haujaisha. Hakuna sababu ya kununua kilo ishirini.

Chanzo bora ni mfugaji mwenzako ambaye bwawa lake umeliona kwa macho yako na kuku wake unawaona wanakula. Anza kwa afisa mifugo wa kata yako, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anafuga nini na nani alijaribu. Ukikosa hapo, fika Kibirizi kwenye chuo cha uvuvi cha FETA, na fika kituo cha Kigoma cha TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Hata kama hawana azola ya kukupa, wana watu wanaojua mimea ya majini na wanaweza kuitambua uliyopewa na mtu mwingine. Huduma hiyo ya kutambua ina thamani kuliko mbegu yenyewe, na nitakueleza kwa nini.

Kuna gugu liitwalo salvinia. Linaelea kama azola, ni la kijani kama azola, na mtu asiyezoea hulichota akidhani ndilo. Salvinia huziba maji haraka mno, na kuliondoa ni kazi ngumu. Kule Ziwa Viktoria wameshateswa na gugu maji tangu miaka ya 1980 mwishoni, mitumbwi ikashindwa kutoka na mialo ikafungwa. Ziwa Tanganyika lina aina nyingi za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na ndiyo maana nchi nne zinazolizunguka, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003. Sitaki gugu liingie ziwani kupitia ndoo ya mfugaji aliyekuwa na nia njema.

Kwa hiyo angalia hivi. Jani la azola ni dogo sana, mmea mzima hauzidi ukubwa wa ukucha au zaidi kidogo, lina magamba madogo yaliyopandana, na mara nyingi umbo lake ni la pembetatu. Salvinia ina majani makubwa zaidi, mviringo, yamekaa mawili mawili, na ukiligusa jani juu utahisi vinyweleo vinavyozuia maji kushika. Yakisongamana hukunjika katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu. Ukiona hivyo, usilirudishe kwenye maji. Lianike juani mpaka likauke kabisa, kisha lichome. Lemna ni rahisi kuitambua: vijani vidogo sana, laini, vya mviringo, vyenye mzizi mmoja mfupi chini ya kila kijani.

Usichukue mbegu kwenye mitaro ya mjini, hata kama imejaa lemna nzuri. Mimea hii hunyonya kila kilichomo majini, pamoja na madini mazito yenye sumu, na yote hayo yanaishia kwenye yai. Usivushe mbegu kutoka Burundi au Kongo kwa boti kimyakimya. Mmea hai unaovuka mpaka unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka unakotoka. Najua mpaka wetu ni maji na jamaa wako pande zote, lakini konokono na wadudu hawaulizi jamaa.

Safari haina ugumu. Chuja maji, tandaza jani lako kwenye kapu au kreti lenye hewa, tabaka jembamba, funika kwa kitambaa kibichi, na weka kivulini. Linachoogopa ni joto la mrundikano. Ukilifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuweka juu ya basi kutoka Tabora, utafungua uji wa kahawia. Likifika, usilimwage bwawani siku hiyohiyo. Lisuuze kwa maji safi mara kadhaa, uliweke kwenye beseni peke yake kwa wiki mbili, ukitazama kila siku. Toa kila konokono unayemwona na mayai yake yanayonata kama ute. Konokono wanakula azola, na baadhi yao hubeba kichocho. Toa viwavi wanaosuka utando kati ya majani, na kila mmea usioufahamu. Likipita wiki mbili ni safi, gawanya: sehemu moja bwawani, sehemu nyingine ibaki kwenye beseni lingine mbali na bwawa. Beseni hilo ndilo akiba yako. Bwawa likivamiwa au kukauka, hutatafuta mbegu upya.

Bwawa lenyewe usilichimbe ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata isingekataza, mvua kubwa ya Aprili ingelifurisha bwawa na kuisomba azola yote ziwani. Lichimbe nyumbani Mwandiga, kwenye kivuli chepesi cha mti au chini ya chandarua, kwa kuwa jua kali huifanya iwe nyekundu na kudumaa. Tandika turubai la plastiki la mita 3 kwa 3 ndani ya shimo la mita 2 kwa 2 lenye kina cha sentimita 20. Tia kilo 10 hadi 15 za udongo uliochekechwa, kisha kilo 2 za samadi ya ng'ombe na gramu 30 za mbolea ya fosfeti, vyote vimekorogwa kwenye maji, halafu jaza maji hadi sentimita 10. Ndipo utie azola, nusu kilo hadi kilo moja. Kila siku tano ongeza kilo moja ya samadi na gramu 20 za fosfeti. Kila siku kumi badilisha robo ya maji, na kila mwezi badilisha kilo tano za udongo. Fosfeti ndiyo inayosahauliwa zaidi. Azola inajitafutia naitrojeni, lakini fosforasi lazima uipe.

Hapa kuna jambo la Kigoma peke yake. Usitumie maji ya ziwa kwa azola. Maji ya Tanganyika yana uchungu wa magadi, pH yake, yaani kipimo cha asidi na magadi, iko karibu na 9, na azola hupenda maji yaliyo chini ya 7. Kwenye maji ya magadi fosforasi na chuma hushikwa, mmea ukawa na njaa katikati ya chakula. Tumia maji ya mvua, ya kisima au ya kijito, na kama ni ya bomba yaache wazi siku moja kabla ya kuyatumia. Kama huna jinsi ila maji ya ziwa, panda lemna. Yenyewe inavumilia magadi zaidi, ingawa haijitafutii naitrojeni na itataka samadi zaidi. Na kwa vyovyote vile zungushia uzio. Watoto huzama kwenye maji ya kina kifupi. Angalia pia mbu. Jani likifunika maji yote, mbu hupata shida kuzaa, ila bwawa lililovunwa hadi likawa na nafasi wazi ni mazalia ya malaria, nasi malaria tunayo ya kutosha.

Kabla ya kulisha, osha azola mara tatu kwenye kapu, harufu ya samadi iishe. Changanya na pumba, anza na kidogo, ongeza kwa wiki moja mpaka kuku wazoee.

Tubaki na ng'ombe, ambao ndio waliokufanya uandike. Protini yao ya kiangazi ipo Kigoma, na unaipita kila siku ukienda mjini. Iko kwenye mise, yaani kokwa za chikichi. Wanaokamua mafuta ya mise wanabaki na mashudu, na mashudu hayo yana protini ya asilimia 14 hadi 18. Linganisha na hesabu yetu ya mwanzo: kilo moja ya mashudu ya mise ina protini sawa na mavuno ya siku moja ya mabwawa ishirini ya azola. Mkoa huu ndio kitovu cha michikichi nchini, kituo cha utafiti wa zao hilo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kiko hapahapa Kihinga, na bado ninaona wafugaji wakiagiza mashudu ya alizeti kutoka mbali huku ya mise yakiozeana nyuma ya mashine. Jambo hili linaniuma. Ng'ombe hula mashudu ya mise vizuri akizoeshwa polepole. Kuku hayawafai sana, yana nyuzi na chembe ngumu. Nunua yaliyokamuliwa karibuni, yanuse, na usihifadhi ya kienyeji kwa miezi mingi, maana yanabaki na mafuta na huchacha haraka.

Dagaa wa vumbi ni protini bora zaidi kwa kuku, lakini usiwategemee peke yao. Mwaka 2024 uvuvi ziwani ulifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, katikati kabisa ya kiangazi chako.

Na kile kipande cha ardhi, sehemu iliyo nje ya zile mita 60, panda hapo miti ya malisho. Lukina na glirisidia zina majani yenye protini ya asilimia 20 na zaidi yakikaushwa, mizizi yake hufika maji ambayo nyasi haziyafikii, na hubaki na majani wakati nyasi zimekauka. Kwa miti hii mbegu ya kupanda ipo karibu na inajulikana. TARI Tumbi, Tabora, imefanya kazi ya miti ya aina hii kwa miaka mingi pamoja na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto, na TFS, wakala wa misitu, wanauza mbegu za miti. Kwa glirisidia si lazima hata uwe na mbegu: omba kwa aliyenayo matawi yaliyokomaa, yenye unene wa kidole gumba au zaidi, uyachomeke mvua zinapoanza Novemba. Mbegu za lukina zimwagie maji ya moto, ziloweke usiku kucha, kisha panda. Ng'ombe wakiikataa glirisidia kwa sababu ya harufu, iache inyauke kwa nusu siku kwanza. Lukina isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe au mbuzi, ina kemikali inayodhuru ikizidi, na kuku wape kidogo sana.

Usitupe pia mabaki ya maharage baada ya kupura, na majani ya viazi vitamu. Majani ya mihogo yana sumu yakiwa mabichi. Yakatekate na uyaanike juani mpaka yakauke ndipo uwape.

Kuhusu laki tatu zako, mimi ningezigawa hivi. Sehemu ndogo kabisa iende kwenye azola: turubai moja, mfuko mdogo wa fosfeti, chandarua, na nauli ya kwenda kuiona mbegu kwa mwenye nayo. Bwawa moja tu mwaka huu. Kama baada ya miezi mitatu bado lina jani la kijani na kuku wanaligombea, ongeza la pili. Sehemu nyingine ndogo iende kwenye mbegu za lukina na vibarua wa kuchomeka glirisidia Novemba, ukijua kwamba utaanza kukata majani kwa wingi mwaka wa pili. Kiasi kikubwa kilichobaki nunulia mashudu ya mise mwezi Mei na Juni, kabla wafugaji wengine hawajaanza kuyatafuta. Mpe kila ng'ombe nusu kilo kwa siku wiki ya kwanza, kisha kilo moja hadi mbili kwa kadiri ya maziwa anayotoa, pamoja na nyasi na maji ya kutosha. Pima maziwa kila asubuhi kwa chombo kilekile, uandike. Yakipanda, utajua ni mashudu. Yasipopanda ndani ya wiki tatu, mwite afisa mifugo awapime minyoo na ugonjwa wa kiwele kabla hujaongeza chakula kingine.